Kikao cha Jumamosi: picha za leza

Habari zenu wapendwa. Kikao ni Jumamosi hii saa 9 alasiri palepale karakana, na safari hii ni kuchoma picha kwenye mbao kwa leza tu, maana naona wengi mnatuma mbao zenye nyuso zilizoungua kingoni na katikati hamna kitu, inaniuma kazi nzuri kuharibikia kwenye setingi.

Kabla ya kuja kila mtu acheki:

1. Kwenye GRBL (programu ya ndani inayoendesha mashine), $32 (setingi ya hali ya leza) iwe 1 halafu kuwasha leza tumia amri ya M4 sio M3. M4 inashusha nguvu ya leza mashine inapopunguza mwendo kwenye kona na mwisho wa mstari, ndo dawa ya zile kingo nyeusi.

2. $30 (setingi ya kiwango cha juu cha nguvu) ilingane na S (namba ya nguvu ya leza) ya juu kabisa kwenye programu yako ya kompyuta. Mashine ikiwa 1000 na programu inatuma mwisho 255, picha itapauka tu.

3. Fokasi (umbali wa lenzi ya leza hadi mbao) pimeni upya. Nafasi ya mistari tuanze na 0.1 mm, ukibana zaidi wakati doa la leza ni nene mistari inapandana na picha inakuwa giza.

Mikanda iliyolegea kazeni pia, ukiona macho yana kivuli cha pili anzia hapo.

Miwani inayolingana na mwanga wa leza yako ni lazima, na plastiki ya PVC msilete kabisa, ikiungua inatoa gesi ya sumu.

Naomba mnijibu hapa kabla ya Alhamisi usiku: unakuja? Unaleta mashine au picha tu? Nipange meza na umeme mapema. Asanteni sana.