Kwa Marapa Wachanga wa Nakuru: Msiuze Sauti Zenu kwa Nauli

Wanangu wa Kaptembwo, Rhonda, Kivumbini, Free Area na hapa kwetu Bondeni,

Hamjambo. Mimi ni shosho yenu, yule aliyekuwa akiuza kanda za muziki mjini hapa baba zenu wakiwa bado wanavaa kaptura. Nawaandikia kwa sababu nawasikia. Jioni mnajipanga ukutani nje ya ploti, mmoja anapiga biti kwa mdomo, mwingine anachana, na kila nikiwauliza mnataka kuwa kama nani, jibu ni moja: Khaligraph Jones, rapa wa Nairobi.

Sina neno na chaguo hilo. Ila mnatazama kifua, magari na jina lake la utani, OG, miaka hamuitazami. Jina lake halisi ni Brian Ouko Robert. Alizaliwa 1990, akakulia Kayole, upande wa mashariki wa Nairobi. Anayeijua Kayole anajua haiko mbali na Kaptembwo kwa maisha: vyumba vya kupanga, mitungi ya maji, vijana wengi kuliko kazi. Alianza kurap akiwa kijana mdogo. Albamu yake ya kwanza, Testimony 1990, ilitoka 2018, mwaka aliotimiza miaka 28. Kabla ya hapo ilikuwa wimbo baada ya wimbo, shoo baada ya shoo. Nyinyi mnarekodi nyimbo tatu, watu mia mbili wanazitazama YouTube, kisha mnasema Nakuru haina mashabiki. Haijawasikia bado, basi.

Halafu kuna hili la kutweng, yaani kuigiza lafudhi ya kigeni. Khaligraph mwenyewe alisemwa sana mwanzoni kwa lafudhi ya Kimarekani. Nyimbo zilizomwingiza kwenye matatu na kwenye midomo ya watu zimejaa Sheng, lugha yetu ya mitaani, na Kiswahili. Mmoja aliuita Yego, kwa jina la Julius Yego, mrusha mkuki wetu aliyetwaa dhahabu ya dunia Beijing mwaka 2015. Shujaa wa wimbo alitoka Bonde la Ufa hili hili mnalolikanyaga. Na mwaka 2020 waandaaji wa tuzo za Marekani za BET Hip Hop Awards walimteua katika kitengo cha marapa wa kimataifa. Tuzo ilikwenda kwa Stormzy wa Uingereza, lakini jina la kijana wa Kayole lilisomwa Marekani, na Sheng yake haikumzuia.

Sasa mbona nyinyi mnachana kuhusu theluji? Ziwa letu la Nakuru lilifura likameza nyumba za watu kule Mwariki, na sijasikia mstari mmoja. Kwenye jaa la taka la Gioto kuna akina mama wanaookota chupa tangu alfajiri. Tumeitwa jiji tangu Desemba 2021, na kuna mitaa ambayo mvua ikinyesha hata bodaboda haiingii. Haya ni mali yenu. Rapa wa Nairobi hawezi kuyasema kama mnavyoweza nyinyi mliozaliwa ndani yake.

Ninalolihofia zaidi ni karatasi. Nimeambiwa kuna mtu anazunguka mitaani akiwaahidi studio ya bure na pesa kidogo mkononi, mradi mtie sahihi. Wanangu, mambo haya nimeyaona kwa macho. Enzi za kanda, mwanamuziki alipewa pesa mara moja, wimbo ukabaki wa mwenye studio. Kanda iliuzwa miaka na miaka. Mwimbaji alikuja dukani kwangu kuomba nauli ya kurudi Njoro, na sauti yake mwenyewe inalia kwenye spika juu ya kichwa chake. Nilimpa nauli. Nilichoshindwa kumpa ni wimbo wake, maana haukuwa wake tena.

Leo sheria imewasogelea kidogo. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Hakimiliki yalisema mapato ya milio ya simu kama Skiza, asilimia 52 yaende kwa mwenye haki ya wimbo. Sikilizeni vizuri: mwenye haki. Ukishaiuza haki hiyo kwa elfu chache, asilimia 52 ni ya aliyenunua, hata kama ni kikohozi chako kinachosikika kati ya mistari. Hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo unapotia sahihi unawasainia na watoto ambao hujawazaa. Sajilini kazi zenu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mkitaka kujiunga na chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo zenu, ulizeni kwanza kama kina leseni ya mwaka huu, maana leseni hizo hutolewa kwa muda. Na aliyetengeneza biti muandikiane naye mgao kabla wimbo haujatoka, hata kama ni rafiki yako wa chanda na pete.

Mkianza kupata shoo za nje ya mji, laleni huko huko, msafiri asubuhi. Rapa E-Sir alikufa Machi 2003 kwa ajali ya barabarani akirejea Nairobi kutoka Nakuru hii. Alikuwa na miaka 21. Ubeti wake ulikuwa Kiswahili kilichonyooka, unaimbika na mtoto na mzee, na mji huu ulilia. Sitaki kulia tena kwa ajili hiyo.

Neno la mwisho ni la ninyi kwa ninyi. Khaligraph na rapa mwenzake Octopizzo walirushiana maneno miaka mingi, na mmelikariri hilo kuliko mlivyokariri nyimbo za Khali Cartel, ambako Khaligraph aliwaita marapa wa mitaa mbalimbali akagawa nao wimbo. Kaptembwo na Bondeni mnatukanana kwenye nyimbo ambazo hazijavuka Nakuru. Rekodini pamoja. Na pale ukutani kuna msichana mmoja ambaye kila siku mnamwachia kiitikio. Utawezana, wimbo wa rapa wa kike Femi One na mwenzake Mejja, ilitikisa nchi nzima mwaka 2020, na Femi One hakuwa pale kuitikia. Wimbo wenu unaofuata, mpeni binti huyo ubeti wa kwanza.

Shosho yenu,
Bondeni, Nakuru