Tunataka fundi ajue ugonjwa bure, halafu tunamwita mwizi

Mhariri, salaam kutoka Makorora.

Naomba nafasi kidogo kuhusu huu ugomvi wa mafundi na sisi wenye magari yaliyochoka, maana hapa Tanga haipiti muda sijasikia watu wamepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa kisa gari, na mimi mwenyewe nimeshafikishana huko na fundi wangu kwahiyo sisemi ya kusikia.

Nina Toyota Spacio namba B, injini 1ZZ, dashibodi inasoma kilomita 312,000 na hizo ni zile zinazosoma tu. Siku nainunua ilikuwa inasoma 78,000 lakini mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma kinang'aa, sasa gari ya kilomita 78,000 ilikuwa inakanyagwa breki na nani, tembo? Niliona kilomita zimerudishwa nyuma, nikanyamaza, bei ilikuwa tamu.

Mwaka jana natoka Korogwe, kufika Hale mshale wa temperecha uko juu. Nikasimama nikaongeza maji nikaendelea, njiani nikaongeza tena, Muheza tena, tena maji yenyewe ya kisima. Nimeingia Tanga usiku gari inanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Wenye magari mnajua nilitakiwa kuzima palepale Hale nitafute wa kunivuta, lakini kuvutwa toka Hale mpaka mjini ni hela, nikajifanya mshale sijauona.

Asubuhi gereji nikamwambia fundi "imechemsha kidogo". Hilo kidogo ndo lililozaa yote. Akafungua, silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, hizi ni za alumini zikishachemka hivyo hazina msamaha, ikapelekwa kuchongwa, ikafungwa gasketi mpya, oili mpya, jumla na ufundi laki 4 na nusu. Gari ikawaka safi nikamsifia kwa kila mtu. Wiki ya tatu ukaanza moshi wa bluu, nikipita Ngamiani watu wanaziba pua, na oili inaisha lita nzima ndani ya wiki mbili. Nikarudi gereji nimefura.

"Fundi umeniharibia gari!"

"Shkamoo mwalimu. Mbona nilikwambia mwalimu, injini imechoka, nikikuzibia juu huku chini itaanza kula oili."

"Hukuniambia hata siku moja."

"Nilikwambia, ukasema we ziba tu."

Tukaenda mpaka kwa mwenyekiti. Mzee wa watu akatusikiliza wote, akauliza swali moja tu, mliandikiana? Kimya. Kila mmoja anaapa, yeye anaapa aliniambia, mimi naapa hakuniambia, na ukweli ambao pale sikuusema ni kwamba nadhani aliniambia kweli, ila mi nikajua anatafuta njia ya kuniongezea bili.

Baadaye nikaenda kwa fundi mwingine mtu mzima, akanielewesha taratibu. Hizi 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili, pistoni zake zina vitundu vidogo vya kurudishia oili chini, vikiziba kwa masizi ringi, zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande, zinaganda na oili inapanda kuungua pamoja na petroli. Kwahiyo ringi zangu zilikuwa zimeshajifia siku nyingi, na kule kuchemsha njia nzima ndo kulizimalizia. Hedi ilipokuwa inavuja injini haikuwa na nguvu hata ya kuonyesha huo ugonjwa, ilipozibwa ikapata pumzi, ukajitokeza. Fundi wangu aliziba alichoambiwa azibe na alikiziba vizuri, hiyo hedi haijavuja mpaka leo naandika.

Sasa jamani hapa ndo nataka kufika. Hospitali tunalipa kumuona daktari, tunalipa vipimo, hata akisema huumwi kitu huwezi kudai hela yako. Gereji tunafika na gari ina miaka 20 inalia sehemu nne, tunasema "hebu icheki fundi", analala chini ya gari saa nzima kwenye vumbi, akitoka tunasema asante nitarudi. Anakula nini? Atakula kwenye spea. Ndo maana inabidi kila gari ibadilishwe kitu, akiweka cha juu dukani ndo mshahara wake wa ile saa aliyolala chini. Halafu tukigundua cha juu tunatukana. Sikitetei cha juu, nimeshauziwa bushi za "orijino" zikafa ndani ya miezi miwili, ila nasema sisi ndo tumekitengeneza.

Jirani yangu ana Noah, iliwaka taa ya cheki injini. Kapeleka wakachomeka mashine, ikaleta P0171, namba (kodi) ya hitilafu. Fundi akabadilisha sensa ya oksijeni, taa ikarudi. Akabadilisha plagi, ikarudi. Koili, ikarudi. Mwisho wake ni kimpira cha hewa kimepasuka kwa nyuma, kitu cha elfu chache. Na ile namba haikusema sensa mbovu hata kidogo, inasema tu hewa imezidi na mafuta ni pungufu, inaweza kuwa mpira umepasuka, inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka, inaweza kuwa sensa ya hewa imechafuka, kazi ya kutafuta ni ipi inabaki ya fundi. Lakini hiyo kazi ya kutafuta nani anailipa? Hakuna. Kinacholipwa ni kubadilisha, basi wanabadilisha. Jirani kaua laki 3 na nusu na fundi hamsalimii mpaka leo.

Mafundi na nyie mna yenu. Spea ya zamani mrudishieni mwenye gari hata kama ni takataka, aione. Themostati, kile kidude kinachofungulia maji ya kupoza injini ikishapata moto, msitoe bila kusema, kila gari ikichemsha dawa ni kung'oa themostati eti huku kwetu joto, injini inabaki inachelewa kupata moto inakunywa mafuta na chanzo cha kuchemsha kiko palepale. Na spanaboi wa miaka 16 asipewe gari ya mtu kwenda "kuijaribu" Raskazone jioni, tunawaona.

Daftari la shule ni bei ya soda. Andika kilomita, andika mwenye gari kalalamika nini, andika umeona nini, na hasa andika alichokataa kutengeneza, asaini. Garanti iwe ya kazi uliyofanya, isiwe ya gari zima, gari ya kilomita laki 3 hakuna binadamu wa kuipa garanti. Na mwenye gari aseme ukweli, kama uliendesha na mshale juu toka Hale sema niliendesha na mshale juu toka Hale.

Mwezi uliopita mguu wa mbele wa gari ukaanza kugonga. Nikarudi kwa fundi wangu yuleyule wa kwanza, aibu nimeweka mfukoni, nikampa elfu 20 mkononi kabla hajafungua boneti, nikamwambia hii ya kuangalia tu usibadilishe kitu. Akaniangalia akacheka, "mwalimu leo unaumwa?" Akaingia chini akakaa kama nusu saa, akatoka akasema boljointi ya kushoto, bushi za kulia zinaenda mpaka mwakani, shokapu usiguse. Nikamwambia andika. Hakuwa na kalamu, nikampa yangu.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga