Kiberiti hakipimi chang'aa

Mhariri,

Hapa Kisumu wapo wanaowasha chang'aa kwa kiberiti. Ikitoa mwali wa samawati, wanaiamini. Ni hatari kubwa! Methanoli, sumu inayopofusha, nayo huwaka samawati.

Ukali hupimwa kwa haidromita ya pombe, kipimo chenye shina la namba kinachoelea ndani ya kinywaji, ambacho huzama zaidi kadiri kilevi kinavyozidi. Isiguse ukuta wa chombo, na usome usawa wa kinywaji, si ule ukingo unaopanda kwenye shina. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kinywaji kikiwa na nyuzijoto 20. Kinywaji kikiwa na nyuzi 30, asilimia 40 husomeka karibu 44. Busaa, pombe ya nafaka, haipimiki hivyo, kwani sukari na chembechembe zake hupotosha namba.

Hata hivyo haidromita haitambui methanoli, maana uzito wake unakaribiana mno na wa ethanoli, yaani kilevi cha kawaida cha pombe. Hiyo ni kazi ya maabara.

Wasomaji wako,
Kondele, Kisumu