Mtoto wa mdogo wako

Rehema ndugu yangu,

Salamu, na unisamehe ukimya wangu. Mama Salma kanipigia jana usiku kwamba mdogo wako kajifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Sijalala.

Naomba asiambiwe asubiri mtoto akue. Kifuko kile cha mgongoni kikiwa wazi hufungwa ndani ya saa 48 hadi 72, kabla vijidudu havijapanda kwenye ubongo. Kwa sasa mtoto alale kifudifudi, kidonda kifunikwe kwa shashi safi yenye maji ya chumvi ya hospitali. Asipakwe kitu kingine chochote.

Lakini mwambie na lile ambalo mimi sikuambiwa. Upasuaji haurudishi mishipa ya fahamu iliyoharibika tangu tumboni, unalinda iliyobaki. Nilipotoka wodini nilikuwa naangalia miguu ya mwanangu Juma, naye alizaliwa hivyo hivyo, kila asubuhi, nangoja icheze. Ilinichukua mwaka mzima kukubali. Sasa ana miaka sita, anatembea na vyuma miguuni na anasoma vizuri.

Kichwa kipimwe kila kliniki, maana wengi hujaa maji baada ya mgongo kufungwa. Juma aliwekewa mrija wa kushusha maji tumboni, ukaja kuziba. Alitapika siku mbili tukidhani ni homa tu! Utosi ukivimba au macho yakitazama chini, wakimbie hospitali siku ileile.

Nilikuwa nahangaikia miguu, kumbe kibofu ndicho cha kuogopwa. Mkojo usiotoka wote hurudi ukaharibu figo kimyakimya. Waulize mapema kuhusu katheta, ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Mimi namtoa mkojo Juma mara tano kwa siku, na sioni aibu tena kulisema.

Na wakwe wasimlaumu. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itunge, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Atakapotaka mwingine, amwone daktari kabla, apewe vitamini ya foliki asidi ya kipimo kikubwa.

Kifuko kiko kiunoni au juu zaidi? Anachezesha vidole vya miguu? Ananyonya? Wamewapa tarehe ya upasuaji? Shemeji yuko naye, au ameshaanza kukwepa wodi kama baba Juma siku zile? Nije Ijumaa nilale naye hospitali, wewe upumzike? Nijibu leo, hata kwa neno moja.

Wako,
Mama Juma