Barua ya Wazi kwa Mabinti Wanaokunywa Dawa za Kukata Tumbo Kabla ya Harusi

Wanangu mnaojiandaa kuolewa, pamoja na mama zenu na masomo wanaowafunda,

Ninawaandikia nikiwa nimeudhika, na sioni sababu ya kulificha hilo. Hivi karibuni, hapa Tanga, binti wa ndugu yangu alianguka chooni siku mbili kabla ya sendofu yake, miguu imemlegea na mapigo ya moyo yanaruka. Hospitalini walimpima wakakuta madini ya potasiamu katika damu yake yameshuka vibaya. Alikuwa akinywa asubuhi na jioni chai ya kukata tumbo, aliyouziwa kwenye kicheni pati ya rafiki yake.

Nilipoletewa kopo lenyewe, niliimwaga ile dawa kwenye sinia nikaichambua kwa vidole. Palikuwa na vipande vya majani yaliyopauka na maganda bapa, mepesi, yenye alama za mbegu ndani yake, ambayo mtu yeyote aliyelelewa na bibi wa mwambao angeyatambua mara moja kuwa ni sanamaki. Kopo halikuwa na jina la mmea, wala kipimo, wala jina la mtengenezaji. Liliandikwa tu kwamba dawa ni asilia kabisa, na chini yake namba ya simu ambayo sasa haipokelewi.

Sanamaki ni dawa, na bibi zetu waliijua kama dawa: walimpa mtu aliyefunga choo, kwa siku chache, kisha wakaiweka. Ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wa humo huivunjavunja, na utumbo huanza kujikamua na kutoa maji. Lakini wanga na mafuta ya chakula huwa vimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla sanamaki haijaanza kazi yake. Kwa hiyo binti anayepungua kilo mbili kwa kuharisha amepoteza maji na chumvi, ikiwamo hiyo potasiamu ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya kuwa nayo, na mafuta yake yapo palepale. Akinywa maji ya kutosha, kilo zake zinarudi. Hii ndiyo sababu wataalamu husema isitumiwe zaidi ya wiki moja bila ushauri wa daktari. Na aliye kwenye vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba kuharisha sana kunaweza kuviondolea nguvu, jambo ambalo wauzaji hawa hawalitaji kabisa.

Linaloniuma zaidi ni hilo neno asilia kugeuzwa kuwa kibali cha kutouliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels nchini Ubelgiji, wanawake walipewa vidonge vya kupunguza mwili vyenye mitishamba ya Kichina, na mmea mmoja ukawa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, ambao huua figo. Zaidi ya wanawake 100 waliharibikiwa na figo, na miaka iliyofuata wengi wao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Iko pia sibutramini, dawa ya hospitali ya kupunguza hamu ya kula, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta imechanganywa kwa siri katika vidonge, chai na kahawa zinazouzwa kwa jina la mitishamba. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga. Muulizeni muuzaji usajili wake, na jina la kila mmea aliotia humo. Akikasirika kwa kuulizwa, rudisheni pesa zenu mkobani.

Mitishamba inayofaa katika jambo hili iko jikoni mwenu, na kazi yake ni ya polepole. Mchaichai na tangawizi haviyeyushi mafuta ya mwili. Ila binti aliyezoea kunywa soda kila mchana, ambayo kwa chupa ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, akihamia kwenye mchaichai au choya bila sukari, kinachompunguza ni ile sukari ambayo mchaichai umeiondoa kikombeni. Uwatu uliolowekwa una nyuzinyuzi nyingi na hushibisha, lakini hushusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa amwambie daktari kwanza, na mjamzito asiutumie kama dawa. Majani ya mlonge yapikeni kama mboga, pamoja na matembele, mnafu na kisamvu, kwa mafuta kidogo, na dona kidogo kuliko mlivyozoea.

Mengine mnayajua: tembeeni kwa miguu angalau dakika 150 kwa wiki; laleni mapema; msile usiku wa manane; pimeni kiuno, si kilo peke yake. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo tano tu, shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu.

Na ninyi mama zangu, nanyi mna sehemu yenu. Mnamwambia binti amenenepa mbele ya wageni, mnamkodia gauni dogo kuliko mwili wake ili ajitahidi, kisha miezi sita baada ya ndoa mnamsifu kwa kunenepa kwamba mume anamtunza, na asiponenepa mnanong'ona kuwa ana maradhi. Mtoto afuate lipi? Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Hilo ni jambo la afya, linalohitaji subira na upendo wa nyumba nzima, na haliwezi kutatuliwa kwa wiki tatu za kuharisha.

Masomo, ninawaomba msiruhusu tena meza ya dawa zisizo na jina kwenye shughuli zenu. Mna sauti humo kuliko daktari yeyote. Na wewe binti ambaye tayari umekunywa, acha leo. Ukisikia kizunguzungu, misuli kulegea, moyo kuruka au mkojo kupungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kopo lako ulibebe mkononi ili walione.

Mama yenu,
Tanga