Mshale Ukienda Kushoto, Usiguse Resti

Msimu wa kulungu ukikaribia, lalamiko dukani kwetu kuhusu bei ya kurekebisha upinde ni lile lile: "Dola 45 kwa kukaza skrubu mbili?" Wiki mbili baadaye linakuja la pili, kutoka kwa yule aliyekwenda kukaza mwenyewe: "Upinde mlioniuzia mbovu. Mishale ya mazoezi inapiga katikati, ya kuwindia inatawanyika." Upinde ni mzima. Kilichohamishwa ni resti, yaani egemeo la mshale.

Mambo huwa hivi. Mtu anapiga mita 20, mishale inatua sentimeta 10 kushoto. Anachukua spana ya L, analegeza resti na kuisukuma kulia. Toka noki, ule mpasuko wa mkiani unaoshika ugwe, hadi kwenye resti ni kama sentimeta 70, kwa hiyo milimeta 2 zinahamisha pigo karibu sentimeta 6 kwa umbali ule. Milimeta tatu na nusu na kazi imekwisha, au ndivyo anavyoona. Lakini sasa mshale haulali tena kwenye njia ambayo ugwe unasafiri, na unasukumwa ukiwa umekaa mshazari. Manyoya yanaunyoosha angani, ndiyo maana ncha ya mazoezi haikusema kitu. Funga ncha pana ya kuwindia uone: makali yale yanashika hewa kama manyoya ya mbele, na mshale unafuata makali.

Kinachopaswa kuhama ni kilengeo, na hukifuata mshale. Mishale inatua kushoto, kilengeo kiende kushoto. Basi.

Resti inakaa wapi? Juu kidogo ya mpini, kiunzi, yaani sehemu ngumu ya katikati ya upinde, kina tundu lenye nyuzi za skrubu. Mshale upite usawa wa katikati ya tundu hilo, ukiwa nyuzi 90 na ugwe, au noki ipande juu kwa milimeta 3 hivi. Kwa pembeni, pinde nyingi za kapi (compound) zinaanzia inchi 13/16, karibu milimeta 20.6, toka ukuta wa kiunzi hadi katikati ya ufito wa mshale. Pa kuanzia tu, na kijitabu cha upinde wako kikisema vingine, kifuate hicho. Tunapima kwa kalipa. Jicho halioni nusu milimeta, hata la fundi.

Mbele na nyuma ndipo kuna ubishi mwingi. Kiganja kinabana mpini kwenye koo lake, pale panapokaa pengo kati ya kidole gumba na cha shahada, na ukikunja mkono kidogo kiunzi chote kinazunguka kwenye nukta hiyo. Resti ikiwa karibu na koo, mzunguko huo unaisogeza kidogo mno. Ivute nyuma sentimeta 5 ili ukate mshale uwe mfupi, na kila kosa la kiganja linafika kwenye mshale likiwa limekua. Faida yake ni ipi? Ufito wa greni 9 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa inchi, ukipunguzwa inchi 2, unapungua greni 18. Kwa upinde wa nguvu ya kuvuta ya ratili 70 hiyo ni kama futi 6 kwa sekunde. Mnyama hatazijua. Tena ufito uliokatwa unakuwa mgumu zaidi, kwa hiyo mishale uliyonunua haifai tena kwa upinde uleule.

Najua mtu atasema World Archery, shirikisho la kimataifa la upigaji mishale, wanaruhusu. Kweli, kwenye pinde za kapi resti inaweza kuwa nyuma ya koo la mpini hadi sentimeta 6. Hiyo ni mipaka ya mashindano. Haikuambii kiganja chako kimetulia.

Kurudisha nyuma kunaharibu shabaha. Kusogeza mbele kukiwa na mshale mfupi kunaharibu mkono. Ukivuta upinde mpaka mwisho, ncha lazima ibaki mbele ya resti kwa inchi moja au zaidi. Ikipita nyuma, mshale unadondoka nyuma ya resti, na ukifyatua unaingia kwenye kiganja au mkono ulioshika upinde. Mshale wa namna hiyo dukani kwetu hatufungi, hata mteja akiweka saini.

Sasa hizo dola 45. Resti za kudondoka, zile zinazoshuka mshale ukifyatuliwa, zina kamba inayofungwa kwenye kebo. Kamba ikifungwa kwa fundo tupu, bila kushonewa ndani ya nyuzi za kebo, inateleza kidogo kidogo, resti haipandi yote, na manyoya yanagonga. Tunataka ifike juu kabisa katika inchi 1 hadi 2 za mwisho za kuvuta. Kisha tunapuliza unga wa miguu kwenye manyoya na resti, tunafyatua, tunatafuta palipokwanguliwa. Kisha tunafyatua kupitia karatasi kwenye fremu, umbali wa mita 2 hivi, na kusoma mpasuko. Mkia ukichana juu ya tundu la ncha, tunapandisha resti au tunateremsha kitanzi cha ugwe, kwa chini ya milimeta moja kila mara, tunafyatua tena. Kuna pinde zinanyooka kwa mishale minne. Nyingine zinakula saa nzima, hasa kapi likiwa limelala upande mmoja, na hapo tatizo halipo kwenye resti hata kidogo. Upinde unaingia kwenye mashine ya kubana, na bei tunakuambia kabla ya kugusa.

Njoo na mishale mitatu ya aina ile utakayotumia, pamoja na kifyatuo chako. Ukikaza mwenyewe kabla ya kuja, weka alama ya kalamu pale resti ilipokuwa.