Ubuyu tuule kama Wahadzabe wanavyoula

Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu husifu parachichi, tufaha na chungwa wiki baada ya wiki. Ubuyu hautajwi, na ukitajwa ni zile mbegu nyekundu zenye sukari zinazouzwa nje ya geti la shule. Naomba nafasi niutetee, kwa kuwa sisi wa Karatu tumepakana na watu wanaoujua kuliko wote.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, upande wa Mang'ola hadi Yaeda Chini, wameishi vizazi na vizazi kwa asali, nyama ya porini, mizizi, matunda ya vichakani na ubuyu. Buyu hujikausha lenyewe mtini, likakaa miezi bila kuoza, ndiyo maana huwafaa hata vyakula vingine vinapoadimika. Wanawake hulipasua na kukoroga unga wake mweupe kwenye maji. Mbegu, ambazo sisi tunazifyonza na kuzitema, wao huziponda kwa mawe wakazila, na humo ndimo mlimo mafuta na protini. Hata mtoto anayeanza kuonja chakula huku bado ananyonya hupewa ubuyu uliokorogwa.

Hawautii sukari wala rangi, na hawaubandiki motoni. Hilo la moto nawasihi wasomaji walizingatie. Gramu 100 za unga wa ubuyu aghalabu zina zaidi ya miligramu 150 za vitamini C, ilhali chungwa la uzito huo lina kama 50. Kiwango hutofautiana kutoka mti hadi mti, lakini kwa ujumla ubuyu unalishinda chungwa kwa mbali. Vitamini hiyo huharibiwa na joto. Anayeuchemsha ubuyu kwenye sufuria ya sukari, rangi na iliki anapoteza sehemu ya kile alichokifuata, kisha anampa mtoto sukari inayoganda kwenye meno.

Vitamini C husaidia pia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Wajawazito wetu wengi wana upungufu wa damu, na wengi humaliza mlo kwa chai, ambayo huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Mama akila maharage yake akashushia bilauri ya maji ya ubuyu badala ya chai, atafaidika zaidi na chakula kile kile alichokuwa akila jana. Vidonge vya kliniki asiviache. Ubuyu haushiki nafasi yake.

Zaidi ya theluthi ya unga huo ni nyuzinyuzi. Huzuia choo kigumu, hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na huwalisha bakteria wema wa utumbo. Mwaka 2014 watafiti waliowalinganisha Wahadzabe na Waitaliano wa mjini walikuta bakteria wa utumbo wa Wahadzabe ni wa aina nyingi zaidi. Siwezi kusema ni kwa sababu ya ubuyu peke yake, maana mizizi yao nayo ina nyuzinyuzi tele. Ila wauzaji wanaotangaza kwamba ubuyu unaponya kisukari na shinikizo la damu wanawapotosha wagonjwa, na wapo wanaoacha dawa kwa maneno hayo. Ubuyu ni chakula. Sifa hiyo inautosha.

Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa huko mwaka 2008, na leo watu wa nje wanaununua kwa bei kubwa. Shule zetu zenye uji wa mchana zingeweza kuutumia kesho: uji ukishaepuliwa na kupoa kidogo, kila kikombe kitiwe kijiko cha unga wa ubuyu uliochekechwa. Yachaguliwe mabuyu makavu yasiyo na ufa wala ukungu.

Lakini ubuyu unatoka kwenye mti, na mti unataka ardhi. Mbuyu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na miche yake huliwa na mifugo kabla haijakomaa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yao. Bado mashamba na makundi ya ng'ombe yanazidi kuwasogelea. Naziomba halmashauri za Karatu na Mbulu ziheshimu mipaka ya ardhi hiyo, na zizuie ukataji wa mibuyu hata nje yake. Nawe Mhariri, mtume mwandishi wako wa afya Eyasi msimu wa mabuyu, aandike kutoka vinywani mwa akina mama wa Kihadzabe wenyewe jinsi wanavyouandaa.

Msomaji wako,
Karatu, Arusha